Fuo zisizo na barabara: jibu kwa Mama Neema wa Himbi

Swali lilikuja hivi: "Jambo mwalimu. Kijana wangu wa kwanza anaishi Ubelgiji. Mwakani nikitimiza miaka 60 ameniahidi safari, na amenitumia picha nne kwa WhatsApp nichague. Ya kwanza ni meli iliyooza katikati ya mchanga mweupe. Ya pili ni ufuo ulio ndani ya shimo, ni kama unachungulia kisima. Ya tatu ni mchanga wa rangi ya waridi. Ya nne ni mchanga mweusi unaofuka moshi, na nyuma yake kuna barafu. Kote huko anasema mtu anafika kwa boti tu. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa lakini sijui kuogelea, na magoti yameanza kulalamika. Hizi picha ni za kweli ao ni kompyuta? Na sisi wenye ziwa zima, kwa nini tuna mawe meusi tu? Nichague gani? Mama Neema, Himbi, Goma."

Jambo mama, na aksanti kwa kuandika. Picha zote nne ni za kweli. Kijana wako hakudanganyi, ila kuna mambo mawili hakukuandikia: ufuo mmoja kati ya hiyo minne umepigwa marufuku kukanyagwa, na mwingine haufikiki bila kuogelea kwa mikono na miguu yako mwenyewe. Tutafika huko. Niruhusu nianze na swali lako la katikati, lile la mawe yetu meusi. Mimi ni mtu wa mawe, nimeyafundisha miaka mingi, na swali hilo ndilo linalofungua mengine yote.

Mtu akikuambia ufuo fulani unafikika kwa boti tu, muulize kwanza: barabara ilizuiwa na nini? Utajibiwa ni jabali lililosimama wima, ao volkano, ao ukuta wa matumbawe, ao kisiwa kisicho na mtu. Basi ujue kwamba mara nyingi kitu hicho hicho kilichoizuia barabara ndicho kinachotengeneza mchanga wa pale. Jabali linamomonyoka na kuangusha changarawe nyeupe. Volkano inamwaga lava na kuacha mchanga mweusi. Uzuri na ugumu wa kufika vimetoka tumbo moja.

Sasa tazama Ziwa Kivu, hili letu. Zamani maji ya bonde letu yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikainuka, lava ikaziba njia, na maji yakaanza kupanda kama kwenye beseni mpaka yakapata upenyo kusini, ndio huo mto Ruzizi unaoshuka hadi Tanganyika. Kwa hiyo ziwa letu ni mabonde yaliyozama. Zile rasi za Bukavu zinazoingia majini kama vidole vya mkono, na ghuba za kisiwa cha Idjwi, ni vilima vilivyofunikwa maji hadi kiunoni. Ndiyo maana ukiingia ziwani sehemu nyingi, hatua ya kwanza maji yako kwenye kifundo, ya tatu huoni tena chini. Ufuo unataka sakafu inayoteremka polepole ili mchanga upate pa kutulia, lakini kwetu sakafu ni mteremko wa mlima, na chini kabisa ni zaidi ya mita 480. Kinachoporomoka kutoka shambani kinakwenda zake huko na hakirudi. Isitoshe, ziwa halina maji kupwa na kujaa kama bahari, ya kuusukuma mchanga na kuurudisha mara mbili kila siku.

Lakini kusema Goma haina mchanga, hapo sikubali, mama. Januari 17, 2002, wewe ulikuwepo. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani. Lava ya moto ikigusa maji baridi inafanya kama bilauri ya kioo iliyomwagiwa maji yanayochemka: inapasuka vipande vipande. Vipande hivyo mawimbi yanavisaga, na ndio huo mchanga mweusi unaookoteka katikati ya mawe. Kule Hawaii ulizaliwa ufuo mzima wa namna hiyo mwaka 2018, pahali panapoitwa Pohoiki, baada ya lava ya Kilauea kuingia baharini. Hata ule mchanga unaofuka moshi kwenye picha yako ya nne ni ndugu wa damu wa mchanga wa Himbi.

Nyumbani nina rafu ya vichupa vya dawa vilivyosafishwa, kila kimoja kina mchanga wa pahali fulani. Wajukuu wanakiita "kiwanda cha babu cha simenti". Ukija siku moja nitakuonyesha michezo miwili. Wa kwanza ni sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa. Iviringishe kwenye karatasi, kisha ipitishe juu ya mchanga wa Goma uliokauka: punje nyingine zitaruka na kusimama kwenye karatasi kama ndevu za mtu ambaye hajanyoa siku tatu. Hiyo ni chuma ndani ya lava. Ukiondoa sumaku zinaanguka zote kwa mara moja. Mchezo wa pili ni ndimu. Tone moja juu ya mchanga mweupe wa Unguja na mchanga unachemka, unatoa povu, na ukiweka sikio karibu unasikia kabisa unavyolia. Ule ni chokaa iliyokuwa kiumbe hai: matumbawe, makombe, magamba. Tone lile lile juu ya mchanga wetu wa lava linakaa kimya.

Na hapo niseme kidogo juu ya pono, maana hakuna samaki anayesemwa sana kwa Kiswahili huku akijulikana kidogo namna hiyo. Mtu akilala sana tunasema amelala usingizi wa pono. Lakini mchana pono halali hata kidogo. Ana mdomo mgumu kama wa kasuku, na kutwa nzima anayakwangua matumbawe ili ale mwani ulioota humo. Jiwe linasagwa kooni na linatoka nyuma likiwa mchanga mweupe laini. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa visiwa kama Maldives, ule ambao maharusi wanapigia picha, ni choo cha pono. Samahani mama, lakini umeuliza mtaalamu.

Turudi kwenye picha zako.

Ile ya meli ni Navagio, kwenye kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki. Meli inaitwa Panagiotis, na ilikwama pale Oktoba 1980. Watu wanapenda kusimulia kwamba ilibeba sigara za magendo ikikimbia doria, na waongoza watalii hawana haraka ya kusahihisha hadithi inayouza tiketi. Ule weupe unatokana na majabali ya mawe ya chokaa yaliyoizunguka ghuba pande tatu, yenye urefu wa mita 200 hivi. Ninaposema uzuri na hatari ni tumbo moja, mfano ni huu: changarawe yote unayoiona pale chini ilianguka kutoka juu. Septemba 2018 kipande cha jabali kiliporomoka watalii wakiwa ufuoni na wengine wakaumia. Septemba 2022 tetemeko likaangusha tena, na baada ya hapo mamlaka ikakataza boti kushusha watu. Watalii wakabaki kuutazama ufuo kutoka mbali, ao kutoka juu ya jabali. Kwa hiyo ukiuchagua huu, ujue kwamba utasafiri hadi Ugiriki kwenda kuangalia picha ile ile, ila ikiwa kubwa zaidi.

Ile ya kisima ni visiwa vya Marietas, Meksiko, upande wa bahari ya Pasifiki. Wenyeji wanauita Ufuo Uliofichika, na wengine Ufuo wa Mapenzi. Ni pango lililoanguka paa: chini kuna mchanga, juu kuna duara la mbingu. Karne iliyopita jeshi la nchi hiyo lilifanyia huko mazoezi ya mabomu, na ndiyo sababu watu wengi husema tundu lile lilichimbwa na bomu. Kwangu mimi, bahari haihitaji bomu kutoboa mwamba. Inataka muda tu. Mlango wa ufuo huu ni tundu la maji chini ya mwamba, na boti haipiti. Unavaa jile, yaani koti la kuelea majini, na kofia ngumu, unaruka majini, unaogelea ukiangalia wimbi lisikuinue likakugonga na dari. Mwaka 2016 paliharibika kwa wingi wa watu, pakafungwa miezi kadhaa, na pakafunguliwa kwa idadi ya watu 116 tu kwa siku. Mama, futa hiyo picha. Kijana wako ameona uzuri wake akasahau mama yake haogelei.

Mchanga wa waridi unapatikana sehemu kadhaa duniani. Kwa vilima vile vya kahawia visivyo na miti, picha yako ni ya Komodo, Indonesia, ndani ya hifadhi ya wale mijusi wakubwa kuliko wote duniani. Rangi haitoki kwenye mwamba. Baharini kuna vijidudu vinavyoitwa foraminifera, vingine vina magamba mekundu, na vikifa magamba yanasagika na kuchanganyika na mchanga mweupe. Changanya unga mweupe na pilipili nyekundu kidogo utaona rangi yenyewe. Uchote mkononi na uutazame kwa karibu: punje nyingi ni nyeupe tu, nyekundu ni moja hapa, moja pale. Ufuo ukiwa umelowa rangi inakolea, jua likiupiga mchana inafifia, ndiyo maana wengi hufika pale na kusema wamedanganywa na picha.

Kuna ndugu yake mwingine ninayempenda zaidi, ingawa huwezi kumkanyaga. Ni Spiaggia Rosa, kwenye kisiwa kidogo cha Budelli karibu na Sardinia, Italia. Watu walibeba mchanga wake kwa mifuko na chupa mpaka rangi ikaanza kupungua, na mwaka 1994 ukafungwa. Mzee mmoja, Mauro Morandi, aliishi kisiwani pale peke yake tangu 1989 hadi 2021 akiulinda na kuwafukuza wezi wa mchanga. Fikiria miaka 32 ya kulinda magamba. Ninacheka, lakini nilipoisoma habari hiyo nilitazama rafu yangu ya vichupa nikaona haya, kwa sababu vingine niliwaagiza watu waniletee. Sardinia yenyewe ina sheria tangu 2017: ukikamatwa na mchanga kwenye sanduku unalipa faini ya mamia hadi maelfu ya euro. Siagizi tena.

Ya nne, inayofuka moshi, ni kisiwa cha Deception, njiani kuelekea Antaktika. Ukiwa na bahati ya kwenda huko, nenda na unisalimie. Ni volkano hai iliyobomoka katikati, bahari ikaingia ndani, ikawa duara la milima lenye mlango mmoja. Meli zinaingia moja kwa moja tumboni mwa volkano kupitia mlango huo, na katikati ya njia kuna mwamba uliojificha mita chache tu chini ya maji, hivyo nahodha anapita kando akiwa ameshika roho mkononi. Ndani maji ni tulivu, mchanga ni mweusi tii, pengwini wanatembea juu yake, na kandokando ya maji mvuke unapanda kwa sababu chini kuna joto. Zamani abiria walikuwa wanachimba shimo mchangani kwa koleo wakaoga maji moto huku barafu iko mgongoni. Ililipuka 1967 na tena 1969, ikabomoa vituo vya watafiti, na hadi leo unaona mabati na mapipa ya kiwanda cha zamani cha mafuta ya nyangumi yamezama nusu kwenye majivu. Mtu wa Goma akisimama pale ataona mabati yaliyozikwa na volkano na hatahitaji kutafsiriwa. Tatizo ni njia: ufike Ushuaia, mwisho kabisa wa Argentina, halafu karibu siku mbili kwenye bahari ya Drake, inayotapisha hata mabaharia. Na bei, aa, hiyo mwachie kijana wako aitazame yeye mwenyewe.

Kabla sijakwambia chaguo langu, tuongee boti. Wewe unaijua bandari yetu ya Kituku, unajua boti za Minova na Idjwi zinavyopakia maharagwe, makaa na watu pamoja mpaka ubavu unalingana na maji. Oktoba 3, 2024, mashua kutoka Minova ilipinduka ikiwa tayari inaonekana kutoka Kituku, ndugu za abiria wakiwa wamesimama pale pale kandokando. Sina cha kuongeza kwa hilo. Ninalolitaja kwa sababu ya safari yako ni hili: katika fuo zisizo na gati, hatari iko katika kupakia na kushuka kuliko katikati ya maji. Boti inarudi nyuma na mawimbi huku wewe una mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kwa hiyo muulize mwenye boti maswali mawili tu kabla ya kulipa. Mnashusha wapi, kwenye gati ao majini, na maji yanafika wapi mwilini? Na jile langu liko wapi? Akisema "liko ndani ya sanduku, mama, usiogope", shuka. Jile linavaliwa kabla injini haijawashwa.

Thailand walifanya jambo la akili kwa hili. Ghuba ya Maya, iliyojulikana dunia nzima kwa filamu ya mwaka 2000, ilikuwa inapokea hadi watu 5,000 kwa siku, na nanga za boti zikayavunja matumbawe. Wakaifunga Juni 2018. Papa wadogo wenye mapezi meusi wakarudi kuzaliana mle ndani. Ilipofunguliwa Januari 2022, boti zilikatazwa kuingia ghubani kabisa: zinafunga nyuma ya kisiwa, kwenye gati, na watu wanavuka kwa miguu. Kwa magoti yako hiyo ni afadhali kuliko kuruka.

Chaguo langu haliko kwenye picha zako. Nenda Unguja. Mbele ya Mji Mkongwe kuna fungu la mchanga linaloitwa Nakupenda. Hakuna nyumba, hakuna mti, ni mgongo mweupe tu unaotoka baharini maji yakipwa na kuzama tena yakijaa. Unafika kwa boti ya mbao, mwendo mfupi, maji ya kandokando ni ya goti na mchanga unashuka taratibu, kitu ambacho Kivu inatunyima. Pono wenyewe wako hapo karibu, kwenye matumbawe ya kisiwa cha Changuu. Na utabishana bei kwa lugha yako, ingawa watakucheka kwa "aksanti" na "ao" zako kama walivyonicheka mimi.

Mimi nilifika huko mara moja, baada ya semina. Mtu wa ziwa hana akili ya maji kupwa na kujaa. Kwetu jiwe lililo kavu asubuhi ni kavu jioni. Nilivua viatu, vya ngozi, vya harusi ya binti yangu, nikaviweka sehemu kavu ya juu kabisa, nikaenda kuinama na kioo changu cha kukuzia kutazama punje. Nilipoinuka fungu lilikuwa limekuwa jembamba kama mkeka. Kiatu kimoja kilikuwa kinaondoka kwa heshima kuelekea Bagamoyo. Kijana wa boti alikuwa amekaa anavuta sigara, aliniona muda wote. "Mzee," akasema, "bahari haina adabu ya ziwa." Huko tofauti ya maji yaliyopwa na yaliyojaa siku za bamvua, yaani maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, inakaribia mita 4, urefu kuliko nyumba yangu.

Kama kijana wako akisisitiza pahali pasipo na watu, kuna Mahale, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika. Ndani ya hifadhi hakuna barabara hata moja. Unafika kwa boti kutoka Kigoma ao kwa ndege ndogo. Mchanga upo, milima imesimama nyuma yake, na msituni wanaishi sokwe ambao Wajapani wamewafuatilia tangu 1965. Tanganyika ina mamba, kwa hiyo kuogelea hata wanaojua waulize kwanza.

Na nyumbani, amani ikiruhusu, kuna Tchegera, mbele yetu hapa hapa. Ni ukingo wa kreta ya zamani uliochomoza ziwani kama mwezi mchanga, na mchanga wake ni ule ule mweusi wa kichupa changu. Siku hizi si kila kona ya ziwa inafikika, hilo hatuna haja ya kuandikiana. Ila popote ukishuka upande wa Sake, usiwaachie watoto waingie mabondeni kandokando ya maji alfajiri wakati hakuna upepo. Mazuku hayana rangi wala harufu ya kukushtua, ni hewa nzito inayokaa chini kama maji kwenye sufuria, na mbuzi anaanguka kabla ya mtu kwa sababu pua yake iko chini.

Kwa Nakupenda, mwambie kijana wako achague tarehe kwa kalenda ya mwezi. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, maji ya Unguja mara nyingi yanapwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, fungu linakuwa pana, na mnarudi kabla ya jua kali. Waulize mabaharia jioni ya kuamkia siku hiyo, wao wana saa kamili. Viatu viache hotelini. Nunua kandambili zenye kamba ya nyuma, na usizivue.